Hapana ya Tatu

Yule kijana wa upelelezi aliuliza mara moja tu. Mara moja! Akajibiwa hapana, akasema asante mama, akaweka kadi yake kwenye kaunta kati ya mbegu za karoti na sumu ya panya, akatoka zake kwenye theluji na viatu vyake vya harusini.

Ardis Tveit alibaki nyuma ya kaunta, mdomo wazi. Miaka arobaini na mmoja amesimama katika duka lile la ushirika wa wakulima, akiuza mbegu, chumvi ya ng'ombe na mabuti ya mpira, na hakuwahi kuona utovu wa adabu wa namna ile.

"Huyu kalelewa na nani?" akaiuliza mizani.

Maana swali lenyewe halikuwa dogo. Kijana alikuwa ameingia akitetemeka, akajitambulisha vizuri tu: "Mama, mimi naitwa Anselmo Bracho, natoka ofisi ya upelelezi ya taifa. Tunapita madukani. Kuna mtu yeyote amenunua mbolea kwa namna iliyokushangaza?" Naye Ardis akasema, "Aa, hapana, hakuna la kushangaza." Sasa mtu mwenye akili zake timamu, akisikia "aa, hapana," si anajua kwamba mlango ndio kwanza umefunguliwa kidogo? Anaegemea kaunta. Anasema theluji ya mwaka huu imezidi. Anauliza tena, taratibu, anaambiwa "sidhani." Anakubali kikombe cha kahawa, anaisifia hata kama ni maji ya kuoshea vyombo, kisha anauliza mara ya tatu, na hapo ndipo anapoambiwa. Ndivyo watu wanavyoishi Skogdal, na ndivyo wanavyoishi huku kaskazini mwa Minnesota tangu babu zao waliposhuka melini. Kutoa jambo kwa swali la kwanza ni umbea. Kwa swali la pili ni kiherehere. Kwa swali la tatu ni kumsaidia mtu aliyekwama, na hapo hata mchungaji hawezi kukulaumu.

Na jambo Ardis alikuwa nalo. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, siku ya kumi na moja hiyo.

Verlyn, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa amekuja na pikapu yake akanunua magunia ishirini na mawili ya mbolea. Mwezi wa Februari! Theluji inafika mapajani, ardhi ngumu kama nondo, na mashamba yenyewe Verlyn alikuwa amewakodisha majirani tangu mkewe alipoondoka.

"Unapanda nini, Verlyn? Barafu?"

"Ni ya baadaye, shangazi."

"Ngoja nikumiminie kahawa."

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Hapana, shangazi, niko sawa."

Na kabla hajamkaribisha mara ya tatu, mtu keshawasha gari. Hilo lilimtisha Ardis kuliko magunia yote. Mtu asiyesubiri kukaribishwa mara ya tatu ana lake moyoni. Alipochungulia dirishani akaona pikapu haina namba za serikali. Nyuma kuna ubao wa mbao uliopakwa rangi kwa mkono: MTU HURU.

Hayo yalianza mwaka uliopita, jaji wa kaunti alipoamua kwamba Britta, binti wa Verlyn mwenye miaka saba, akae na mama yake kule Fargo. Verlyn hakulia, hakugombana na mtu. Alinunua kompyuta. Ndani ya kompyuta akawakuta wanaume wengine waliokasirika kama yeye, wakamfundisha kwamba jaji si jaji, serikali si serikali, na kwamba mtu akitangaza tu kuwa yuko huru, basi hana wa kumwamuru. Yangeishia kwenye ule ubao wa pikapu, watu wangecheka, maisha yangeendelea. Lakini wiki iliyopita jengo la kaunti lilipokea barua isiyo na jina: *Ijumaa tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, mlango wenu utafungwa kabisa.* Aliyeifungua ni Delpha Nygaard, rafiki wa Ardis tangu darasa la kwanza, anayeuza leseni za magari kwenye dirisha lililo hatua tatu kutoka mlango huohuo.

Delpha aliicheka. "Labda ni fundi wa bawaba," alisema kwenye kahawa ya kanisani. Wote wakacheka. Ardis hakucheka; muuza mbolea anajua kwamba mbolea huweza kugeuzwa bomu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akijua ni nguo ipi.

Basi ukitaka kujua kilichomkaba mama wa watu, ni hiki: akinyamaza, Delpha atakufa. Akisema ovyo, Verlyn atakufa. Alikwisha kuona kwenye televisheni jinsi wale watu wa taifa wanavyokwenda kumkamata mtu: magari ya chuma, vipaza sauti, mara moshi, mara nyumba inaungua. Verlyn alikuwa na bunduki za kuwindia paa kama kila mtu wa Skogdal, na alikuwa na kichwa kigumu kama kila Tveit. Wakimwijia kwa kelele, atafyatua. Na hata kaburi hapati mpaka Aprili, maana ardhi haichimbiki.

Sasa tazama: kijana ameletwa na Mungu mpaka kaunta, akauliza mara moja akaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mgeni alikuja, akachungulia, akarudi zake!

Kitu kimoja tu kilibaki. Glavu. Wengine watakwambia Bracho aliisahau. Ukweli ni kwamba alipogeuka kutazama kipimajoto, akaguna kama watu wa nchi za joto wanavyoguna, mkono wa Ardis uliisogeza ile glavu chini ya kitabu cha bei za mbegu. Alitegemea aitafute, apoteze dakika, na katika kutafuta aulize tena. Hakuitafuta. Alitoka na mkono mmoja mfukoni.

Ardis akachukua simu, akapiga namba iliyo kwenye kadi. Ikapokea mashine. Kama maisha ya mtu yako hatarini, bonyeza moja. Kama una habari za tishio, bonyeza mbili. Ardis akaikodolea macho simu. Damu ya kaka yake aikabidhi kwa mashine? Akabonyeza namba zote kwa zamu mpaka akapatikana msichana mwenye pumzi.

"Ofisi ya upelelezi ya taifa. Dharura yako ni nini, mama?"

"Glavu."

"Samahani?"

"Ya kushoto. Ya ngozi, ina sufu ndani. Ni ya Bwana Bracho. Mwambie aifuate nyumbani kwangu kesho saa tisa mchana, nitakuwa nimeoka."

"Mama, hii ni namba ya taarifa za ugaidi."

"Ndiyo, nimesikia mashine ikisema. Saa tisa, mwanangu. Asichelewe, keki ikipoa inakuwa ngumu."

*

Jumatano saa tisa kamili Bracho alikuwa mlangoni, pua imekuwa kama nyanya. Alikuwa na miaka kama thelathini na minne, mzaliwa wa El Paso, jangwani kabisa, na ofisi yake ilikuwa imemtupa huku wiki ya tatu sasa. Kaunti nne alizunguka akiuliza, na kaunti nne zote zilimjibu kwamba hakuna kitu, kila kitu ni shwari, asante kwa kupita.

"Karibu kahawa."

"Hapana, asante, mama. Nimekuja kuchukua glavu tu."

"Kikombe kimoja."

"Hapana, kweli."

Ardis akavuta pumzi. "Imeshachemka. Kidogo tu."

"Hapana, asante sana."

Lo! Hapana ya tatu! Katika nyumba ile hapana ya tatu ilikuwa imetamkwa mara moja tu, mwaka wa sabini na tisa, na shemeji aliyeitamka hajakanyaga tena mpaka leo. Ardis aliushika ukingo wa meza. Kijana alikuwa anatabasamu, hajui hata alichovunja.

"Glavu hii hapa," akasema Ardis, lakini hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili, mmoja huku, mmoja kule.

Bracho akaona atumie nafasi. "Kwa kuwa niko hapa, mama, una hakika hukuona kitu chochote dukani?"

"Sidhani. Si kitu cha kumsumbua mtu."

"Sawa. Basi asante." Akaivuta glavu, akageuka.

Hapo uvumilivu wa Ardis ukafika mwisho. Akamzunguka, akajibandika mlangoni, mwanamke wa miaka sabini na miwili, na nyonga mbovu, na aproni.

"Huko kwenu hamna mama?"

"Tunao. Mimi ninaye."

"Na alikufundisha kula, au ulijifunza polisi? Kaa! Nakukaribisha mara ya nne, Mungu anisamehe, sijawahi kumfanyia hivi hata askofu."

Bracho akakaa. Akanywa kahawa. Akala kipande cha keki ya tende, akaongezewa, akaongezewa tena. Ardis akakaa mbele yake, mikono juu ya meza, akamtazama anavyotafuna.

"Haya. Sasa na wewe."

"Na mimi nini, mama?"

"Niulize."

"Nimeshakuuliza."

"Mara ngapi?"

Kijana akaacha kutafuna. Akahesabu kimoyomoyo: dukani moja, pale mlangoni moja. Ukaanza kumwingia usoni, polepole, uchungu wa kaunti nne. Wazee wote wale waliosema "aa, hapana" wakasimama kizingitini wakimtazama akienda kwenye gari lake, kama watu waliosahau kumwambia kitu. Akaweka uma chini.

"Theluji ya mwaka huu," akasema kwa uangalifu mkubwa, "imezidi."

"Imezidi," Ardis akasema, na machozi yakamlenga.

"Mama Tveit. Kuna mtu aliyenunua mbolea kwa namna iliyokushangaza?"

Akamwambia yote. Magunia, ubao, barua, jaji, Britta, kompyuta, ghala lililo nyuma ya nyumba ambalo Verlyn amelitia kufuli mbili. Alisema saa nzima bila kunyamaza, kahawa ikapoa, na Bracho akaandika mpaka mkono ukamuuma.

"Sasa na mimi nina ombi," Ardis akasema. "Msiende na magari ya chuma."

"Siwezi kukuahidi hilo. Si mimi mkubwa."

Angeahidi, Ardis asingemwamini. Akamkatia keki ya kufungasha.

*

Mkubwa alikuwa Bi. Stroud, mzaliwa wa Chicago. Bracho alimpigia akiwa jikoni palepale, akaomba aachiwe amtoe mtu nje kwa amani, shangazi yake akiwepo. Bi. Stroud akasema hapana. Bracho akaomba mara ya pili. Hapana. Akamkonyeza Ardis, akaomba mara ya tatu.

"Bracho, umelewa?" Sauti ilisikika mpaka kwenye jokofu. "Hapana!"

Kumbe Chicago hapana ni hapana. Watu wa ajabu sana.

Tusiwaonee, lakini, kazi yao waliijua. Alhamisi asubuhi jengo la kaunti lilifungwa kwa kisingizio cha bomba kupasuka, na Delpha Nygaard akarudishwa nyumbani akinung'unika kwamba mafundi wa siku hizi ni bure. Barabara ya kwa Verlyn ilizibwa pande zote mbili. Watu saba waliovaa meupe walitambaa kwenye theluji wakajilaza nyuma ya maghala ya nafaka. Gari la wagonjwa lilisubiri kwenye kona. Na gari la chuma, lile lile Ardis alilolihofia, likaja kwa fahari yake yote, likafika kwenye mteremko wa shamba la Ostby, likateleza, likalala mtaroni kama ng'ombe mwenye mimba.

Mzee Ostby akaja na trekta kulinasua. Wakampa asante, akasema hapana, si kitu. Wakampa asante ya pili, akasema si kitu. Hawakumpa ya tatu, akaenda zake, trekta na mnyororo na yote. Gari likabaki mtaroni.

"Una saa moja," Bi. Stroud akamwambia Bracho kwa meno yaliyobanwa. "Ukikosea, naingia na walio kwa miguu."

Ardis alikuwa tayari. Bakuli lilikuwa linatoka ovenini: viazi, nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, jibini juu. Bakuli zito la kioo, na chini yake kipande cha utepe kimeandikwa A. TVEIT, kama lilivyo bakuli la kila mwanamke wa kanisa lile.

"Nitajuaje kwamba hatakuwa ameshika bunduki?" Bracho akauliza.

"Atakuwa ameshika bakuli. Kwa mikono miwili. Lina moto."

"Na akiliangusha?"

Ardis akamtazama kama mtu aliyeambiwa Verlyn atatema mate kwenye sakramenti. "Bakuli *langu*?"

Wakaenda na gari la Ardis. Yeye kwenye usukani, bakuli kwenye kiti cha pembeni limefungwa taulo, na afisa wa taifa amelala kwenye sakafu ya nyuma chini ya blanketi la mbwa. Mbwa mwenyewe alikufa mwaka juzi lakini manyoya yalibaki. Njia nzima Bracho alikuwa anazuia chafya.

"Nikisikia chafya moja," Ardis akasema, "nakurudisha jangwani kwenu kwa miguu."

Alikuwa anatania ili asiwaze bunduki. Aliziwaza hivyo hivyo.

Akaingia uani, akapiga honi mara mbili. Mlango ukafunguka. Verlyn alisimama barazani, ndevu zimemvaa, soksi miguuni ndani ya kandambili za mpira, na bunduki inaning'inia mkononi. Alikuwa amekonda. Mungu wangu, alikuwa amekonda kama baba yake siku za mwisho.

Ardis akateremsha kioo. "Verlyn! Nimekuletea chakula."

"Nimeshakula, shangazi."

"Umekula nini? Njoo uchukue."

"Sitaki kukusumbua."

"Verlyn, kina moto. Nyonga inaniua, na ngazi zako ni barafu tupu. Njoo."

Upepo ukapita. Nyuma ya maghala watu saba walikuwa hawapumui. Verlyn akatazama barabara, akatazama bunduki, akatazama moshi wa chakula unaotoka dirishani mwa gari.

"Basi," akasema, "kama umeshapika."

Akaiegemeza bunduki ndani ya mlango. Akashuka ngazi, akalipokea bakuli kwa mikono miwili na taulo lake. Hapo mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, akatoka mtu aliyejaa manyoya ya mbwa kuanzia utosini, mikono wazi, akasimama hatua mbili mbele yake.

"Bwana Tveit, naitwa Anselmo Bracho, ofisi ya upelelezi ya taifa. Nakuomba twende pamoja."

Verlyn hakukimbia. Alitazama mlango, akatazama bakuli. Mtu mwenye bakuli la shangazi mkononi hakimbii. Ataliweka wapi, kwenye theluji?

"Aa, hapana," akasema. "Msijisumbue."

Sikioni mwa Bracho, kidude cha redio kilikuwa kinapiga kelele kwa sauti ya Chicago: mkamate, mkamate sasa! Bracho akatazama theluji iliyolala uani.

"Theluji ya mwaka huu imezidi," akasema.

Verlyn akashangaa. "Imezidi."

"Twende pamoja, Bwana Tveit."

"Hapana, mimi niko sawa hapa."

Kidude kikapayuka. Bracho akakichomoa, akakitia mfukoni. Nyuma ya ghala mmoja wa wale saba alijiinua goti moja, na Ardis akaona, akafumba macho. Hakuna sala aliyoikumbuka isipokuwa ile ya kuombea chakula, akaisali hiyo hiyo.

"Verlyn," Bracho akasema taratibu, na akanyoosha mikono kupokea bakuli. "Gari lina joto. Twende."

Verlyn akasimama pale, mvuke unampanda usoni, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi," akasema, "kama mnaelekea huko huko."

Akampa bakuli. "Lishike vizuri. Ni la shangazi."

Hivyo ndivyo mtu hatari kuliko wote kaskazini mwa Minnesota alivyokamatwa. Aliyemkamata hakuweza hata kumfunga pingu, maana mikono ilikuwa imejaa viazi. Wakaja wengine kutoka kwenye theluji wakamfunga. Ghalani walikuta mapipa manne yamekwisha kujazwa mbolea na kuunganishwa nyaya. Bi. Stroud aliyatazama, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Ardis alishuka garini akamsogelea Verlyn. Alikuwa na maneno mengi, aliyapanga tangu Jumanne. Likatoka moja tu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Hukuniuliza, shangazi."

"Nilikuuliza! Krismasi, mlangoni mwa kanisa. Nilikuuliza kama u mzima."

"Mara mbili," Verlyn akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenziwe siku ya wiki. Wakamwingiza garini, wakaondoka naye.

Ilikuwa kweli. U mzima, Verlyn? Siyo mbaya. Kweli? Siyo mbaya, shangazi. Na chapati za viazi zilikuwa jikoni zinaungua, na Delpha anamwita, na baridi inakata masikio, akampiga begani akakimbia. Ardis alibaki amesimama uani, akizitazama alama za matairi kwenye theluji.

*

Bakuli lilichukuliwa kama kidhibiti. Kila Jumatatu Ardis aliipigia ile namba ya taarifa za ugaidi, akabonyeza vitufe vyote, akamuuliza yule msichana habari za bakuli, mpaka wakawa marafiki. Kila Jumamosi ya pili aliendesha saa tatu kwenda mahabusu alikowekwa Verlyn akisubiri kesi. Walikaa pande mbili za kioo, akamuuliza hali mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikibidi ya nne. Safari ya tatu, Verlyn alizungumza.

Skogdal, kwa upande wake, ilimfariji Ardis kwa namna yake. Walimwambia theluji inayeyuka. Walimletea keki. Wakasema, "Ulifanya lililopasa," wakatazama viatu vyao, wakaenda. Delpha alikuja akakaa jikoni adhuhuri nzima akisafisha oveni.

Mwisho wa Aprili Bracho akapiga hodi. Safari hii alikuwa na mabuti ya maana, na mkononi ameshika bakuli, namba ya mahakama bado imebandikwa ubavuni.

"Wameliachia," akasema.

Ardis akalipokea, akaona ni zito. Akafunua. Ndani kulikuwa na tamale, vibonge vya unga wa mahindi na nyama, zimepangwa safu safu katika maganda yake ya mahindi.

"Mama yangu kanituma. Nilimsimulia, akasema bakuli la mtu halirudi tupu. Akanipiga na kofi kwa ile kahawa niliyoikataa."

"Ana adabu, mama yako. Karibu kahawa."

"Hapana, mama, sitaki kukusumbua."

"Kidogo."

"Hapana, napita tu."

"Imeshachemka."

"Basi, kama imeshachemka."

Ardis akageukia jiko haraka, asionwe anavyotabasamu. Wakanywa. Wakala tamale, Ardis akatokwa jasho kwa pilipili, akasema si kali hata kidogo. Kikabaki kipande kimoja cha keki kwenye sahani. Bracho akakikata nusu, Ardis akaikata nusu iliyobaki, Bracho akaikata tena, mpaka pakabaki kitu cha ndege, na hapo wakakiacha kwa heshima. Kisha kijana akasimama, akachukua glavu zake zote mbili, akafika mlangoni.

"U hali gani, Ardis?"

"Siyo mbaya."

"Theluji imeisha."

"Imeisha, ndiyo. Asante Mungu."

"U hali gani lakini?"

"Siyo mbaya, nakwambia. Nenda, barabara itaganda jioni."

Bracho alikuwa ameshika kitasa. Akakiachia.

"Ardis. U hali gani?"

Ardis akalitazama bakuli lake mezani, utepe chini yake umeanza kubanduka pembeni.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana, mwanangu."

Bracho akavua koti, akarudi akakaa.